Daftari la Kuanguka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo asubuhi, nikakuta ofisi bado imefungwa kwa kufuli. Nilisimama kwenye baridi ya Eldoret na barua yangu ya kuajiriwa ndani ya bahasha ya kaki. Saa mbili kamili alifika Mkaguzi Mkuu, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata siku za jua. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaingia ndani, akatoka na tepu ya kupimia ya futi hamsini, kipimajoto na daftari.

"Umesoma mpaka wapi?" aliniuliza.

"Kidato cha pili, bwana. Karo iliisha."

"Si kitu. Kupima hakuhitaji kidato cha nne. Pima ofisi hii."

Nilipima urefu, upana na kimo. Nilipomaliza aliniambia nimesahau madirisha, kwa sababu chumba hupimwa kwa hewa inayoingia, siyo kwa kuta zinazoizuia. Niliyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Adhuhuri hiyo hiyo alinipeleka kwenye nasing homu ya kujifungulia. Wakati ule nasing homu mara nyingi ilikuwa nyumba ya kawaida iliyogawanywa vyumba, yenye muuguzi mmoja aliyesajiliwa na wasichana wawili waliojifunza kazi kwa kuitazama. Katika chumba cha pili niliwaona akina mama wawili wamelazwa kitanda kimoja, kila mmoja kichwa chake kwenye miguu ya mwenzake, na watoto wao wachanga katikati. Nilishtuka hata mwisho wa tepu ukaniponyoka. Mkaguzi Mkuu aliuokota, akapima nafasi kati ya kitanda na kitanda, akaandika futi tatu, akaweka sahihi.

Tulipotoka nilimwuliza kuhusu wale akina mama.

"Sheria inataja vitanda," alisema. "Haitaji akina mama. Ukitaka kukaa kwa hii kazi, kagua kinachotajwa."

Hakuwa mtu mbaya, na mengi niliyojua alinifundisha yeye. Lakini siku ile niliondoka na wazo moja kichwani: kwamba ubaya wote umetokana na sheria kutotaja mambo ya kutosha, na kwamba mtu mwangalifu akikaa chini akaongeza yale yanayokosekana, mambo yatanyooka. Wazo hilo liliniongoza miaka mingi. Ninaandika haya nikiwa na miaka hamsini na saba, kwa ajili ya wanaoanza kazi sasa, ili wajue wazo hilo liliwafanyia nini wazee ishirini na mmoja.

Baada ya miaka miwili mjini nilihamishiwa upande wa Plateau, mashambani nje ya mji. Huko watu walituita Bwana Afya, jina lililomfuata kila mtu wa idara yetu, awe mkubwa au mdogo, na lililofanya vibanda vya chai vifungwe ghafla tukionekana barabarani. Kazi yangu ilikuwa vyoo, visima na maduka ya nyama. Baada ya kazi nilisoma. Nilijiandikisha kwenye masomo ya posta, ambapo mwanafunzi alitumiwa vijitabu, akajibu maswali na kuyarudisha kwa stempu zake mwenyewe. Siku za Jumamosi sista mmoja, msimamizi wa wodi katika hospitali ya misheni, aliniruhusu niingie nijifunze kwa macho.

Yeye ndiye aliyenionyesha kidonda cha kulala. Mtu asiyejiweza akilazwa upande mmoja muda mrefu bila kugeuzwa, nyama iliyo kati ya mfupa na godoro hukosa damu, kisha huoza. Kile nilichoonyeshwa kilikuwa na upana wa kisahani cha chai, na ndani yake niliuona mfupa mweupe. Nilitoka nje nikashika ukuta.

"Huyo hakuja na ugonjwa huo," sista aliniambia aliponifuata. "Godoro ndilo limemla."

Niliporudishwa Eldoret nilikuwa Mkaguzi wa Taasisi, cheo kilichomaanisha shule za bweni, nasing homu, na makao matatu ya wazee. Makao hayo lazima niyaeleze, maana watu wetu hawapendi kuyasikia. Ukimwambia mtu wa Uasin Gishu kwamba kuna nyumba ya kuweka wazee, atakuuliza, "Kwani hawakuzaa?" Wengi wao walizaa. Wengine walikuwa wametoka magharibi wakiwa vijana kulima ngano katika mashamba ya wazungu, na mashamba yalipouzwa na kugawanywa, hawakuwa na hisa huku wala kiwanja kule walikotoka. Wengine walikuwa wajane wasio na mtoto wa kiume wa kuwapa kipande cha ardhi. Wachache walikuwa na watoto wenye kazi nzuri mjini, ambao walipokuja kuwaona walipitia mlango wa nyuma.

Makao makubwa zaidi yalikuwa upande wa Munyaka. Jina lake sitalitaja. Msimamizi wake tulimwita Matron tu, muuguzi kutoka Kakamega, mnene, mwenye sauti ya kufikia shamba la pili. Alikuwa na wasaidizi watatu na wazee ishirini na mmoja.

Sasa naomba msomaji aniwie radhi nieleze hesabu kidogo, kwa sababu bila hiyo kisa chote hakieleweki. Kamati ya ustawi wa wazee ilitoa ruzuku, yaani msaada wa fedha wa kila miezi mitatu, kwa kila kitanda chenye mtu. Mzee anayetembea na mzee asiyetembea walileta ruzuku sawa. Lakini anayetembea anahitaji mtu wa kumshika akienda chooni, wa kumfuata akitoka uani, wa kumtafuta akipotelea sokoni. Asiyetembea anahitaji shuka na bakuli. Na katika makao yoyote ya wagonjwa au wazee, kitu cha gharama kuliko vyote siyo chakula wala dawa, ni mikono ya watu. Kwa hiyo fedha zenyewe, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, zilikuwa zikiwasukuma wazee kitandani. Hesabu hii inamfaa mkaguzi kuifanya kabla ya kutoa kalamu. Mimi niliifanya nikiwa nimechelewa.

Katika makao hayo alikuwapo mjane wa Kinandi aliyeitwa Tabutany. Wote walimwita Kogo, ambalo kwao ni bibi. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio yaliyotobolewa na kuning'inia kwa mtindo wa zamani, na ulimi ambao haukupumzika. Kila nilipofika alinisubiri mlangoni na fimbo yake.

"Bwana Afya, umekuja kupima madirisha tena? Tangu mwaka jana yamekuwa marefu?"

"Hapana, Kogo. Naangalia kama yamepungua."

"Basi nipime mimi. Mimi ndiye napungua."

Wodi nzima ilicheka, na Matron akacheka kuliko wote. Nikimaliza kazi Kogo alinisindikiza hadi getini, hatua kwa hatua, mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima angeumaliza kwa dakika moja ukituchukua robo saa. Siku moja alinieleza kwa nini hakukosa kufika getini hata siku moja. Alisema wanawe wa kambo walimleta pale wakimwambia ni kwa muda, mpaka nyumba yake iezekwe upya. "Siku nikishindwa kufika geti," alisema, "nitajua nimeletwa kufa. Kwa hivyo naenda kila siku kuangalia kama bado." Alisema hivyo akitabasamu, lakini mkono wake ulioshika wangu ulikuwa umekaza.

Mwaka uliofuata mzee mmoja wa makao hayo, aliyewahi kuwa dereva wa trekta, aliteleza bafuni kwenye saruji yenye maji, akavunjika nyonga. Alikufa hospitalini baada ya wiki tatu. Mimi nilijua kwa bahati tu, nilipokwenda kukagua nikamkuta mtu mwingine kitandani mwake. Niliuliza iliandikwa wapi. Haikuandikwa popote. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya idadi ya ndoo na nafasi ya idadi ya madirisha, lakini mtu aliyeanguka akafa hakuwa na nafasi.

Nilishtuka, na nikakasirika kwa namna ya mtu anayejiona ana dawa. Kila jioni kwa wiki mbili nilikaa maktaba hadi walipofunga, nikisoma kila kitu nilichopata juu ya uendeshaji wa hospitali. Nikaandika fomu mpya yenye vipengele kumi na viwili. Kipengele cha kumi na mbili kiliagiza kila makao yawe na daftari la kuanguka. Kila mzee akianguka, iandikwe saa, mahali, na sahihi ya Matron. Kila kuanguka kulipunguza alama. Alama zilitoa daraja, na mwenye daraja la juu alipata ruzuku kamili, wa chini kabisa nusu.

Nilimpelekea Daktari wa Wilaya, ambaye wakati huo alikuwa mkubwa wangu. Aliisoma mara mbili.

"Hii ndiyo kitu nilikuwa natafuta," alisema. "Nikienda kwa kamati na hadithi, wananiambia niketi. Nikienda na nambari, wanatoa kalamu. Lakini wakikosa kuandika je?"

"Nitalinganisha na vitabu vya hospitali, daktari. Mtu akivunjika mfupa lazima apelekwe. Uongo nitaushika."

"Umefikiria kila kitu," alisema, akaagiza nakala zipigwe chapa na nyingine zipelekwe kwa wenzake wa wilaya za jirani.

Kwa uongo nilikuwa nimejiandaa kikamilifu. Kwa utii sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Miezi mitatu ya kwanza makao ya Munyaka yaliandika watu tisa walioanguka, yakapata daraja la chini. Niliwaonya kwa barua. Miezi mitatu iliyofuata waliandika wawili. Baada ya hapo hakuna. Nililinganisha na vitabu vya hospitali. Ilikuwa kweli tupu. Niliandika ripoti ya kuwasifu, na nikafanya jambo ambalo leo linaniuma kuliko mengine yote: niliwaagiza matron wa yale makao mengine mawili waende Munyaka wakakae siku mbili, wajifunze. Mwaka ulipokwisha, makao yote matatu hayakuwa na mtu hata mmoja aliyeanguka.

Ishara zilikuwepo. Wodi zilikuwa zimenyamaza. Wazee wote walikuwa vitandani, shuka zimenyooshwa hadi kifuani na pembe zake kuchomekwa chini ya godoro kama za askari. Kogo hakunisubiri mlangoni tena.

"Kogo, leo hunisindikizi?"

Alimtazama Matron kwanza. "Miguu imechoka," akasema.

Wasomaji wangu watauliza kwa nini sikufunua shuka hata moja. Jibu ni adabu. Kwetu, kama kwao Kogo, mwanamume hamfunui mwanamke wa rika la mama yake. Hata kuketi kwenye kitanda chake ni utovu wa heshima. Nilikagua shuka kwa juu, kama ni safi, nikapita. Na ofisi yetu nayo ilikuwa na adabu yake: kila ziara ilitangulizwa na barua siku kumi na nne kabla, ili tusionekane tunavamia watu. Kwa adabu hizo mbili nilipita mbele ya vitanda ishirini na kimoja kwa zaidi ya mwaka mzima.

Jumatano moja ya mvua nilikagua Munyaka, nikagonga mhuri kwenye kitabu cha wageni, nikapanda baiskeli yangu. Nilipofika ofisini nikakuta mhuri haumo mkobani. Miaka ile mhuri wa serikali ukipotea haukuwa mchezo. Uliweza kukuweka mbele ya maafisa wa usalama ueleze karatasi gani imegongwa na ya nani. Nilirudi mbio. Mvua ilikuwa kubwa, nikaingia moja kwa moja kwenye wodi ya akina mama bila hata kupiga hodi.

Msaidizi mmoja alikuwa ameshika vipande virefu vya shuka kuukuu, vilivyochanwa kwa usawa na kukunjwa kama bendeji. Alikuwa akienda kitanda hadi kitanda, akimfunga kila mama kifundo cha mguu kwenye chuma cha kitanda. Yalikuwa mafundo mazuri, yasiyobana damu. Hapakuwa na kelele wala purukushani. Alipofika kwa Kogo, kabla hajamgusa, Kogo mwenyewe alitoa mguu chini ya shuka akaunyoosha, kama mtoto anayevalishwa soksi za shule.

Nimeona machinjio. Nimesaidia kutoa maiti kisimani. Hakuna kilichowahi kunishtua kama mguu ule.

"Ni nini hii?" nilisema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu.

Msaidizi aliangusha vitambaa. Kogo akaniangalia taratibu.

"Bwana Afya," akasema, "leo umekuja bila barua."

Matron aliingia nyuma yangu akipangusa mhuri wangu kwa aproni. "Nilikuwa namtuma mtu akuletee," alianza, halafu akaona nilichokuwa nikikitazama. Nilitarajia aone haya. Hakuona.

"Unawafunga watu, Matron?"

"Nawafunga."

"Tangu lini?"

"Tangu alama za kwanza za fomu yako." Aliuweka mhuri juu ya kabati. "Nilipopata daraja la chini ulipunguza ruzuku, na mimi nikapunguza msaidizi. Walibaki wawili, na mmoja ndiye anapika. Hebu niambie wewe umesoma vitabu: huyo mwingine atashika wazee wangapi mkono?"

"Daraja lilipopanda si ruzuku ilirudi?"

"Ilirudi, nikalipa deni la maziwa. Nikimwajiri tena, nikiwafungua, mmoja akianguka tu, ninamfukuza tena. Mtu si jembe ati umrudishe stoo."

"Ungekuja kuniambia."

"Nikuambie nini? Ati kazi imenishinda? Ungeandika hiyo pia." Sauti yake ilipungua. "Na kusema kweli nilidhani unajua. Mzee anayetembea lazima siku moja aanguke. Ukisema asianguke hata mara moja, umesema asitembee. Nikadhani ni vile wakubwa wanaongea. Na hao matron wawili uliniletea, ulifikiri niliwafundisha nini? Kukunja shuka?"

Niliketi. Niliketi kwenye kitanda cha Kogo bila kuomba ruhusa. Baadaye nilimwomba aniruhusu nimwone magoti. Alifunua mwenyewe. Paja lake halikuzidi mkono wangu kwa unene. Mimi na msaidizi tukamshika kila mmoja upande wake, tukamsimamisha. Magoti yalikunjika papo hapo, tukabaki tumemning'iniza katikati yetu.

"Kumbe," alisema. Tulimrudisha. Akaligusa goti lake. "Nilifikiri ni kitambaa tu ndicho kinanizuia."

Alasiri ile nilikaa nikafanya kazi kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio uliobaki wa kushikilia. Nilichukua kitabu cha kupokea wazee: kumi na wanne walikuwa wameingia pale kwa miguu yao. Nilipita kila kitanda nikaomba kila mmoja asimame. Walisimama watatu.

Asubuhi yake nilikuwa mbele ya Daktari wa Wilaya. Alisikiliza akiwa ameshika paji la uso. Naye alishtuka, nilimwona. Kisha akaanza kutazama kalenda iliyoning'inia ukutani chini ya picha ya Rais.

"Harambee ya hayo makao ni mwezi ujao," alisema. "Mgeni wa heshima ni mtu mkubwa wa chama. Unataka niandike wazee wamefungwa kama mbuzi, halafu yeye aje akate utepe?"

"Nataka wafunguliwe, daktari."

"Si wamefunguliwa? Matron umemwambia. Yaishe hapo."

"Wasipofutiwa kile kipengele watafungwa tena Jumatatu. Na makao mengine mawili je?"

"Unajua wataanguka?"

"Najua."

"Na mmoja wao atakufa, na faili itakuja hapa kwa hii meza." Alinisogezea karatasi. "Andika unachotaka. Lakini weka sahihi yako. Yangu sitaweka."

Niliandika kurasa nne. Katika mstari wa chanzo cha kosa niliandika: kipengele cha kumi na mbili cha fomu ya ukaguzi, kilichotungwa na mwandishi wa ripoti hii. Niliiomba kamati mambo matatu. Kuanguka kuandikwe ili kujifunza, kusipunguze alama. Mkaguzi amwombe kila mzee atembee kadiri awezavyo, na hilo ndilo liwe na alama nyingi. Na ziara zisitangulizwe na barua. Kamati ilikaa baada ya harambee kupita salama. Ilikubali mambo mawili ya kwanza. La tatu ilisema si heshima. Kanisa la ile misheni ya sista lilikubali kumlipa msaidizi wa tatu. Mwezi huo huo nikapokea barua ya uhamisho kwa manufaa ya utumishi, kwenda upande wa bonde la Kerio, kukagua visima.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu kilitengenea. Katika mwezi wa kwanza baada ya kufunguliwa, wazee watano walianguka Munyaka, na mmoja wao, mzee wa watu, alivunjika akafa. Matron alinitumia ujumbe kwa mdomo wa dereva: "Mwambie Bwana Afya amekufa mmoja. Mwambie pia sijawafunga." Sista wa misheni alimtuma mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila Alhamisi. Yeye na Matron walimsimamisha Kogo, kwanza kwa kushika kitanda, kisha kwa kushikwa na watu wawili. Mvua za mwaka uliofuata nilipata barua ya Matron. Kogo Tabutany alikuwa amefika kwenye ngazi ya mlango wa wodi, akaomba aketishwe hapo kila asubuhi alitazame geti. Baadaye alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Getini hakufika.

Nilihudumu Kerio, kisha sehemu nyingine mbili chini ya wakubwa wema na wakubwa wagumu, hadi nikatimiza miaka hamsini na mitano, umri wa kustaafu. Niliandaliwa karamu ndogo mjini Eldoret, ya soda na keki. Mkubwa wa wakati huo alisema kwamba nilikuwa mtu wa utaratibu. Kisha akasimama afisa kijana kutoka wilaya ya jirani, mkaguzi wa taasisi kama nilivyokuwa, mtu mwungwana na mwenye bidii.

"Mzee," alisema, "mimi sijawahi kufanya kazi chini yako, lakini wewe ni mwalimu wangu. Hii fomu yako ndiyo tunatumia mpaka leo." Aliitoa kwenye mkoba akaiinua wote waione. "Na ningependa kutangaza hapa kwamba makao yetu ya wazee hayajaandika mtu aliyeanguka kwa miaka mitatu."

Watu walipiga makofi. Mimi nilibaki na soda mkononi. Ilikuwa ile fomu ya kwanza, yenye vipengele kumi na viwili, ya zile nakala alizozituma Daktari akijivunia. Barua ya kuifuta niliwahi kuiandika kwa wilaya zote za jirani. Sikuwahi kufuatilia kama ilifika. Mtu wa utaratibu.

Kesho yake, siku yangu ya kwanza ya kustaafu, kijana yule alinipeleka kwenye makao hayo kwa gari la ofisi. Njiani nilimweleza yote, naye akaongeza mwendo. Tuliingia bila barua. Nilienda kitanda cha kwanza, cha mzee aliyekuwa zamani mpishi wa shule, nikamsalimia, nikamwomba ruhusa ya kufunua miguu yake.

"Funua," alisema. "Hakuna kipya huko."

Kitambaa kilikuwa kimechanwa kwa usawa ule ule. Nilipiga magoti nikafungua fundo. Lilinichukua muda, vidole vyangu navyo si vya jana.

"Wewe ni nani?" mzee aliniuliza.

"Nilikuwa Bwana Afya."

"Na sasa?"

"Sasa si kitu. Nimestaafu jana."

"Basi tuko sawa," alisema, akanipa mkono. "Shika hapa. Hapana, hapa juu."

Tulienda hatua sita kuelekea mlangoni, kijana yule akimfungua mzee wa kitanda cha pili nyuma yetu. Hatua ya saba mzee alianguka, na mimi nikaanguka naye kwa sababu sikumwachilia. Tulikaa sakafuni tukihema na kupapasa magoti yetu. Matron wa pale alikuja akikimbia na daftari mkononi, kalamu tayari. Kijana yule alimshika mkono, akaitoa ile kalamu vidoleni mwake taratibu, akatuacha tuinuke.